Ukuta wa Highbury: Jinsi Arsenal Ilivyobadilisha Mabeki Wake

Beki huzeeka polepole kuliko mshambuliaji, tena kwa siri. Winga akipungukiwa kasi, jukwaa zima linajua kabla msimu haujafika katikati. Beki wa kati aliyekomaa anaweza kuificha miguu yake iliyochoka kwa miaka mitatu au minne, maana sehemu kubwa ya kazi yake hufanyika kabla mpira haujamfikia: kujua asimame wapi, amwite nani asogee, amwachie mpinzani upande upi. Anachofanya ni kurudi hatua chache karibu na lango lake ili asigeuzwe na kukimbizwa. Mwanzoni hakuna anayegundua. Viungo ndio wanaoanza kuumia, kwa sababu uwazi umezuka kati yao na mabeki, na wakirudi kuuziba, washambuliaji wanabaki mbele bila msaada. Timu nzima inarefuka. Kwa wahasibu wa klabu nako hali si nzuri: mkataba wa mkongwe hulipa heshima ya mataji aliyokwisha kutwaa, na mshahara wake huwa umefika kileleni wakati miguu imeanza kugoma.

Kumwondoa beki mmoja wa aina hiyo ni jambo la kila msimu. Kuwaondoa wanne au watano waliocheza pamoja kwa miaka kumi ni kazi nyingine kabisa, na klabu nyingi zilizoijaribu ziliporomoka. Arsenal ya London iliifanya kati ya 1996 na 2004 chini ya Arsène Wenger. Iliteleza njiani, mara moja kwa aibu kubwa, lakini mwisho wake ulikuwa msimu mzima wa ligi bila kupoteza hata mechi moja. Mfano huu una faida nyingine: klabu hiyohiyo ililazimika kurudia kazi hiyo miaka michache baadaye, na safari hiyo ikaiharibu.

Wakongwe wa George Graham

Ukuta wa zamani ulijengwa na George Graham, Mskoti aliyeichukua timu Mei 1986. Nahodha alitoka nyumbani. Tony Adams, zao la timu ya vijana, alicheza mechi yake ya kwanza ya kikosi cha wakubwa Novemba 1983 akiwa na umri wa miaka 17, na Januari 1988, akiwa na miaka 21, akavishwa kitambaa cha unahodha. Wenzake walitoka klabu zisizo na majina makubwa: Nigel Winterburn kutoka Wimbledon mwaka 1987, Lee Dixon kutoka Stoke City Januari 1988, na Steve Bould kutoka Stoke hiyohiyo miezi michache baadaye. Watatu hao kwa pamoja waligharimu kiasi kilichozidi kidogo tu pauni milioni 1. Kipa David Seaman, aliyetoka Queens Park Rangers mwaka 1990, peke yake aligharimu pauni milioni 1.3, ambayo wakati huo ilikuwa rekodi ya kipa nchini Uingereza. Martin Keown, aliyelelewa klabuni kisha akaondoka 1986, alirudishwa kutoka Everton Februari 1993 kwa pauni milioni 2, akakamilisha kundi.

Mazoezi yao yalikuwa ya kurudiarudia mpaka kuchosha. Mabeki wanne walisimama mstari mmoja. Mpira ukipelekwa kulia, wote wanahama kulia. Ukirudishwa nyuma na wapinzani, wote wanapanda kwa pamoja. Husimuliwa kwamba zilikuwepo siku walizoshikishwa kamba ili mstari usipinde. Silaha yao kuu ilikuwa mtego wa kuotea, na ishara yake ilikuwa mkono wa Adams uliopanda juu hata kabla mshika kibendera hajaamua. Mtego huo ulifahamika Uingereza nzima kiasi cha kuingia kwenye sinema. Katika *The Full Monty* ya mwaka 1997, wanaume waliopoteza ajira wanajifunza kucheza dansi na wanashindwa kupiga hatua kwa pamoja, mpaka mmoja wao anapopendekeza wafanye kama mtego wa kuotea wa Arsenal. Wanapatia papo hapo.

Matokeo yalikuwa kwenye msimamo. Msimu wa 1990/91 Arsenal ilichukua ubingwa ikiwa imefungwa mabao 18 katika mechi 38, na imepoteza mechi moja tu. La kushangaza zaidi ni lililotokea miaka minane baadaye. Katika msimu wa 1998/99 Adams alikuwa amefika miaka 32, Keown 32, Dixon 34, Winterburn 35 na Bould 36, na timu iliruhusu mabao 17 katika mechi 38, pungufu ya zile enzi zao za ujana. Hata hivyo ubingwa ulikwenda kwa Manchester United kwa tofauti ya pointi moja. Takwimu hizo zinatosha kumfanya kocha yeyote asite kuwagusa wazee wake, na ndiyo maana suala la lini wabadilishwe huwa gumu kuliko la nani aingie.

Mwaka mmoja mmoja

Wenger alianza kazi rasmi tarehe 1 Oktoba 1996, akitokea Nagoya Grampus Eight ya Japani. Alikuta safu ya ulinzi ambayo kwa hesabu za kawaida za soka ilikuwa imebakiza msimu mmoja au miwili. Kocha mgeni anayetaka kuonyesha mamlaka huanza kwa kufagia, na wengi walitarajia hivyo. Yeye aliahirisha.

Badala ya kubadilisha watu alibadilisha maisha yao ya kila siku. Chokoleti na vyakula vya mafuta vikaondolewa, samaki, kuku na mboga za kuchemsha vikaingia. Mazoezi yakawa mafupi na ya kuhesabiwa kwa saa, na kunyoosha misuli kukawa sehemu ya kazi badala ya kitu cha kufanya mchezaji akijisikia. Kwa Adams mabadiliko hayo yalifika wakati mwafaka. Septemba 1996, wiki chache kabla ya kocha mpya kuanza, alikuwa ametangaza hadharani kwamba ni mlevi na kwamba ameacha pombe. Beki aliyeonekana kuelekea mwisho akapata miaka mingine sita ya mpira.

Msaada mwingine ulitoka mbele yao. Patrick Vieira alisajiliwa 1996, na Emmanuel Petit akafuata 1997 kutoka Monaco. Wawili hao walikaba eneo kubwa mno kiasi kwamba mabeki hawakuhitaji kufukuzana na mtu. Mkongwe aliyewekewa viungo wawili wenye mapafu anaweza kuendelea kulipwa kwa akili yake, na huu ni uamuzi wa bei nafuu kuliko kumnunua beki mpya. Mwaka 1998 timu ilitwaa ubingwa wa ligi na Kombe la FA kwa pamoja. Tarehe 3 Mei 1998, siku ubingwa ulipothibitishwa kwa ushindi wa 4-0 dhidi ya Everton, bao la mwisho lilikuwa picha ya jinsi wazee hao walivyofunguliwa minyororo: Bould, aliyeingia kutoka benchi, aliunyanyua mpira juu ya mabeki wa Everton, na Adams, beki wa kati aliyekuwa ameachwa huru katika eneo la mshambuliaji, akaupiga wavuni kwa mguu wa kushoto.

Upande wa mikataba Wenger alishika kanuni ambayo baadaye ilimletea lawama: mchezaji asiye kipa aliyevuka miaka 30 aliongezewa mwaka mmoja mmoja. Kanuni hiyo ilikuwa kavu, na baadaye ilichangia kumpoteza Robert Pirès, aliyekwenda Villarreal 2006 alikohakikishiwa muda mrefu zaidi. Lakini kwa mabeki ilifanya kazi yake. Hakuna mkongwe aliyekaa benchi akila mshahara wa miaka mitatu ijayo, na klabu ilipata nafasi ya kupima kila kiangazi nani bado ana msimu mwingine mwilini.

Warithi wa kwanza

Wakati huohuo usajili wa warithi uliendelea chinichini. Mwaka 1997 waliingia Gilles Grimandi kutoka Monaco na kijana Matthew Upson kutoka Luton Town. Mwaka 1998 akaja Muajentina Nelson Vivas. Mwaka 1999 wakafika Oleg Luzhny wa Dynamo Kyiv na Mbrazili Silvinho wa Corinthians, na mwaka 2000 Igors Stepanovs wa Skonto Riga. Bould aliuzwa Sunderland 1999 na Winterburn akaenda West Ham 2000. Kwenye karatasi idadi ilitosha.

Tarehe 25 Februari 2001, Old Trafford, nyumbani kwa Manchester United, Arsenal ilipanga Luzhny, Grimandi, Stepanovs na Ashley Cole mbele ya Seaman. Adams na Keown hawakuwemo. Dwight Yorke alifunga mabao matatu kabla ya nusu saa ya kwanza kuisha, timu zikaenda mapumziko ubao ukisoma 5-1, na mwisho ukawa 6-1.

Ni rahisi kusema kwamba wachezaji hao hawakuwa na kiwango, na mashabiki wengi wa Arsenal bado wanasema hivyo, hasa jina la Stepanovs linapotajwa. Maelezo hayo hayatoshi. Luzhny alikuwa amefika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya na Dynamo Kyiv mwaka 1999. Grimandi alikuwa bingwa wa Ufaransa na Monaco mwaka 1997. Kilichokosekana siku hiyo hakikuwa ndani ya mchezaji mmojammoja. Kilikuwa katikati yao: nani anatoa amri ya kupanda, nani anabaki mwenzake akifuata mtu, beki wa pembeni anajuaje bila kugeuka kwamba nyuma yake kuna mtu. Adams na Bould walikuwa wameyajibu maswali hayo mara elfu kwenye uwanja wa mazoezi, na majibu hayo hayamo katika bei ya uhamisho ya mtu yeyote. Safu ya ulinzi ni maelewano, na mtu hawezi kuyasajili maelewano kwa kuleta watu wanne wasiowahi kucheza pamoja.

Kipigo hicho kilikuwa na jambo moja jema. Kwenye upande wa kushoto wa ukuta huo uliobomoka alikuwemo mtu ambaye angebaki.

Wanne waliotoka mbele

Cole, aliyezaliwa Desemba 1980 mashariki mwa London, alianza utotoni akiwa mshambuliaji katika timu za vijana za Arsenal. Alipelekwa Crystal Palace kwa mkopo mwaka 2000, na msimu uliofuata Silvinho alipokosekana alichukua nafasi ya beki wa kushoto na hakuiachia. Mbrazili huyo aliondoka kwenda Celta Vigo 2001.

Lauren alitua mwaka 2000 kutoka Mallorca kwa takriban pauni milioni 7. Alikuwa Mkameruni aliyekulia Sevilla, kiungo wa kulia aliyekuwa ametoka kutwaa Kombe la Mataifa ya Afrika. Wenger alimrudisha nyuma awe beki wa kulia, na wakati akijifunza, mwenye nafasi hiyo kwa zaidi ya miaka kumi, Dixon, alikuwa bado yupo mazoezini kila asubuhi.

Sol Campbell alikuja Julai 2001 kutoka Tottenham, na hapa ndipo penye uhamisho uliowakasirisha watu wengi kuliko wote katika historia ya London kaskazini. Alikuwa nahodha wa mahasimu, mkataba wake uliisha, na kwa mujibu wa hukumu ya kesi ya Bosman ya Desemba 1995 aliondoka bila ada hata senti moja. Fedha ambayo ingekwenda Tottenham ilielekezwa kwenye mshahara wake, uliomweka miongoni mwa wachezaji waliolipwa vizuri zaidi nchini. Mchezaji huru si mchezaji wa bure. Wakati huo alikuwa na miaka 26, umri ambao beki wa kati ameshafanya makosa yake mengi akiwa kwingine. Yeye naye alianza kama mshambuliaji: bao alilofunga dhidi ya Chelsea Desemba 1992, katika mechi yake ya kwanza Tottenham, alilifunga akicheza mbele.

Wa nne alipatikana kwa njia tofauti kabisa. Kolo Touré alitoka ASEC Mimosas ya Abidjan, klabu ambayo akademi yake iliyoanzishwa na Mfaransa Jean-Marc Guillou ilitoa kizazi kizima cha nyota wa Ivory Coast. Alisajiliwa Februari 2002 kwa takriban pauni 150,000, baada ya majaribio ambayo Ray Parlour, kiungo wa Arsenal wa miaka hiyo, hupenda kuyasimulia. Kwa masimulizi yake, kijana huyo alianza kwa kumfyeka Thierry Henry kwa nyuma, akaambiwa apunguze, dakika chache baadaye akamfyeka Dennis Bergkamp. Mpira ukamtoka na kuelekea pembeni aliposimama Wenger mwenyewe. Touré akaufuata kwa miguu miwili na kumwangusha kocha. Wachezaji waliomkuta Wenger baadaye akiwa ameweka barafu kwenye kifundo cha mguu walidhani kijana amejiharibia. Kocha aliwaambia kwamba atamsajili. Msimu wake wa kwanza, 2002/03, Touré alizungushwa huku na kule, mara kiungo, mara pembeni.

Si sadfa kwamba wote wanne walianzia mbele ya safu ya ulinzi. Ukuta wa Graham uliundwa na watu waliofunzwa kuzuia tangu mwanzo, kwa soka lililoruhusu kuzuia. Sheria zilikuwa zimebadilika. Tangu 1990 mshambuliaji aliye sawa na beki wa mwisho hahesabiwi kuwa ameotea, tangu 1992 kipa haruhusiwi kudaka mpira aliorudishiwa kwa mguu na mwenzake, na tafsiri ya kuotea iliendelea kumlegezea mshambuliaji asiyegusa mchezo. Mkono ulioinuliwa haukutosha tena. Alihitajika beki anayeweza kukosea hatua moja na bado akamfikia mtu, na ambaye akipata mpira miguuni haupeleki jukwaani. Wenger aliona kwamba kumfundisha mtu mwenye mbio na mguu laini namna ya kusimama ni rahisi kuliko kumfundisha msimamaji hodari namna ya kukimbia.

Makabidhiano

Fainali ya Kombe la FA ya tarehe 4 Mei 2002 mjini Cardiff inaonyesha jinsi makabidhiano yalivyofanyika. Dhidi ya Chelsea walianza Seaman golini, Lauren kulia, Cole kushoto, na katikati Campbell na Adams. Watatu wapya, wawili wa zamani, na nahodha wa miaka 35 akiwa bega kwa bega na mtu aliyesajiliwa kuchukua nafasi yake. Arsenal ilishinda 2-0, siku chache baadaye ikatwaa na ubingwa wa ligi. Kiangazi hicho Adams na Dixon walitundika daluga.

Kila mgeni, isipokuwa wale wa 2001 waliorushwa uwanjani kwa mkupuo, aliingia akiwa na mkongwe kando yake. Cole alikuwa na Adams au Keown upande wake wa ndani. Campbell alikaa mwaka mzima na hao wawili. Kwa utaratibu huu mtu mmoja akikosea, watatu waliobaki wanajua pa kuziba.

Hata hivyo msimu wa 2002/03 ulionyesha kwamba kazi haijaisha. Bila Adams, timu iliruhusu mabao 42, sita zaidi ya msimu wa ubingwa. Pascal Cygan, aliyeletwa kutoka Lille, hakuziba pengo. Aprili, mbio za ubingwa zikiwa zimepamba moto, Campbell alipewa kadi nyekundu dhidi ya Manchester United, na siku kumi baadaye huko Bolton timu ikaongoza 2-0 kisha ikarudishiwa yote, bao la pili Keown akijifunga mwenyewe. United wakachukua kombe.

Klabu nyingine ingeingia sokoni kwa hasira. Mwaka mmoja nyuma United walikuwa wamelipa takriban pauni milioni 30 kumpata Rio Ferdinand kutoka Leeds. Arsenal, iliyokuwa ikibana fedha kwa ajili ya uwanja mpya, haikununua beki wa kati. Katika maandalizi ya msimu wa 2003/04 Wenger alimhamishia Touré katikati ya ulinzi, karibu na Campbell, na golini Seaman, aliyekuwa anatimiza miaka 40, akampisha Jens Lehmann wa Borussia Dortmund. Lehmann alikuwa na miaka 33, hivyo timu hii haikuwa ya vijana watupu kama inavyokumbukwa. Ukijumlisha ada zote za kipa na mabeki wanne, hazifiki theluthi moja ya bei ya Ferdinand.

Touré alibadilisha mahali ambapo timu nzima ilisimama. Kwa kuwa aliweza kumshinda mbio karibu mshambuliaji yeyote, Campbell hakuwa na hofu ya uwazi mgongoni, mstari ukapanda, Vieira na Gilberto Silva wakacheza karibu na Henry na Bergkamp, na ule urefu wa timu unaoletwa na mabeki waliochoka ukatoweka. Lauren na Cole walipanda kwa zamu. Mmoja akienda, mwingine anabaki.

Keown, mwenye miaka 37, alikuwa bado yupo. Tarehe 21 Septemba 2003 Campbell hakuwepo kwa sababu ya msiba wa baba yake, na Arsenal ilikwenda Old Trafford na Lauren, Touré, Keown na Cole. Vieira alitolewa kwa kadi nyekundu. Dakika za nyongeza, ubao ukisoma 0-0, Keown alihesabiwa kumchezea vibaya Diego Forlán na United wakapewa penalti. Ruud van Nistelrooy akagonga mwamba. Kilichofuata kilionyeshwa na televisheni dunia nzima: Keown akirukaruka juu ya kichwa cha Mholanzi huyo huku mikono imetanda, wenzake wakimzunguka. Chama cha Soka kikawatoza faini na kuwafungia kadhaa, akiwemo Lauren kwa mechi nne na Keown kwa mechi tatu. Kama tabia ya uwanjani, ilikuwa ya aibu. Kama ushahidi wa mabeki waliokwisha kuwa kitu kimoja, wazee kwa vijana, hautafutwi mwingine.

Msimu uliisha kwa ushindi 26, sare 12, na hakuna kupoteza. Mabao ya kufungwa yalikuwa 26. Lehmann alicheza mechi zote 38, Touré 37, Campbell 35, Lauren na Cole 32 kila mmoja, na uthabiti huo wa kupanga watu walewale kila wiki ulikuwa na thamani sawa na vipaji vyao. Siku ya mwisho, dhidi ya Leicester City, Keown aliingizwa dakika za mwisho ili afikishe mechi ya kumi aliyohitaji kupata medali. Kiangazi hicho akaondoka, akajiunga na Leicester haohao. Mfululizo wa kutopoteza ulifika mechi 49 kabla ya kukatwa Old Trafford Oktoba 24, 2004.

Mara ya pili

Msimu wa 2005/06 ulileta jaribio dogo lenye mafunzo makubwa. Majeraha na mambo mengine yaliwaondoa Campbell, Cole na Lauren kwa vipindi virefu, na katika Ligi ya Mabingwa Wenger akapanga Emmanuel Eboué, Touré, Philippe Senderos na Mathieu Flamini, ambaye ni kiungo. Mkubwa wao alikuwa Touré, mwenye miaka 24 mwanzoni mwa 2006. Timu hiyo ilizipita Real Madrid, Juventus na Villarreal bila kuruhusu bao, ikaweka rekodi ya mashindano hayo ya mechi kumi mfululizo bila kufungwa, mpaka Samuel Eto'o alipopenya dakika ya 76 ya fainali mjini Paris. Mengi huandikwa kuhusu ujasiri wa vijana hao. Yasiyotajwa sana ni kwamba msimu huo Keown, aliyekuwa akisomea ukocha, alishiriki kuwafundisha ulinzi mazoezini. Mkongwe alikuwa hayupo uwanjani lakini sauti yake ilikuwepo.

Baada ya hapo ukuta ulitawanyika. Cole alikwenda Chelsea Agosti 2006 katika mabadilishano yaliyomleta William Gallas, Campbell akaenda Portsmouth mwaka huohuo, Lauren akamfuata Januari 2007, na Touré akauzwa Manchester City 2009. Klabu ilikuwa imetoka Highbury na kuhamia uwanja mpya, Emirates, na ilikuwa na deni la kulipa, kwa hiyo vijana wa bei ndogo wakawa sera, wakati miaka kumi nyuma walikuwa uamuzi wa kiufundi. Kilichopunjwa ni upande wa pili wa mizani. Wapya waliingia, lakini hapakuwa na Adams wala Keown wa kuwashika mkono, na aliyekomaa alinunuliwa na klabu tajiri kabla hajawa mkongwe. Gaël Clichy, mwenye medali ya 2004 akiwa kijana, aliuzwa Manchester City Julai 2011 akiwa na miaka 25.

Tarehe 28 Agosti 2011 Arsenal ilirudi Old Trafford na Carl Jenkinson wa miaka 19, Johan Djourou wa 24, Laurent Koscielny wa 25 na Armand Traoré wa 21. Jenkinson alitolewa kwa kadi nyekundu, na matokeo yakawa 8-2. Mfanano na ile 6-1 ya muongo mmoja nyuma ni wa wazi: uwanja uleule, mabeki wanne wasio na mwalimu kati yao. Kabla ya dirisha la usajili kufungwa siku tatu baadaye, Wenger alimnunua Per Mertesacker kutoka Werder Bremen, Mjerumani mrefu, mzito wa mbio, mwenye miaka 26 na mechi nyingi za timu ya taifa. Mwaka uliofuata Bould, aliyekuwa akifundisha vijana wa klabu, akapandishwa kuwa kocha msaidizi.

Utaratibu wa zamani ulionekana tena katika fainali ya Kombe la FA ya tarehe 27 Mei 2017 dhidi ya Chelsea. Mabeki wa kati kadhaa walikosekana. Mertesacker, aliyefikia miaka 32 na ambaye hakuwa ameanza mechi hata moja msimu huo kwa sababu ya goti, alipangwa katikati ya mabeki watatu. Kulia kwake alisimama Rob Holding, mwenye miaka 21, aliyesajiliwa kutoka Bolton kiangazi kilichotangulia kwa takriban pauni milioni 2. Arsenal ilishinda 2-1.